Nilivyoacha Kuiogopa Dawa ya Mahindi

Kwa miaka mingi sikuweza kuingia duka la pembejeo bila kuzuia pumzi. Vile vidonge vya kijivu ambavyo huku kwetu vinaitwa tu "dawa ya mahindi" nilikuwa nikiviona rafuni nageuza nia, natoka. Leo mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili hapa Kaunti ya Kwale, na shahada yangu ya uzamili niliipata kwa kuchunguza ukoo uleule wa kemikali unaovipa vidonge hivyo makali yake. Watu wa Mackinnon Road walionijua tangu utotoni huniuliza kilichonigeuza. Huwajibu kwa urefu, na leo nimeamua kuliandika jibu lenyewe.

Mackinnon Road ni mji wa barabarani. Umekaa katikati ya Taru na Maungu, nyika kavu kulia na kushoto, na jina lake limetokana na Sir William Mackinnon wa kampuni ya Imperial British East Africa, ambaye barabara yake ya mikokoteni ilianza kukatwa mwaka 1890. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita hapohapo. Kando ya reli kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa miongoni mwa Wahindi waliokuja kuijenga, na hadi leo madereva wengi hawapiti bila kusimama kidogo, wakaomba dua, wakatoa sadaka.

Mamangu aliuza mahindi mjini hapo, kwa debe na kwa gorogoro. Shamba la Taru hutegemea mvua isiyo na ahadi, kwa hiyo mahindi mengi yaliyopita mikononi mwake yalishuka kwenye malori. Na mahindi yaliyonunuliwa bei ikiwa chini lazima yakae, miezi minne, miezi sita, ndani ya joto letu, yakingoja bei ipande. Biashara yote iko hapo kwenye kungoja, na wadudu nao wanalijua hilo.

Bibi yangu hakuhitaji dawa ya dukani. Mahindi yake aliyaweka na maganda yake kwenye uchaga juu ya meko, moshi ukayakausha na kuyalinda. Akaja dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania kupitia Tabora, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, jirani zetu kabisa. Wakulima wa Tanzania wakampachika jina la Scania, huku Kenya akaja kuitwa Osama, na yote mawili yanamfaa. Hula punje hadi gunia linabaki unga na vumbi, na moshi wa meko haukumtosha. Ndipo vidonge vikaingia majumbani.

Nyumba ninayotaka kuisimulia sitaitaja. Chumba cha magunia na chumba cha kulala watoto vilitenganishwa na ukuta wa udongo usiofika paani. Vidonge vilinunuliwa kwa rejareja, vikafungwa kwa kipande cha gazeti, bila karatasi ya maelezo na bila onyo. Usiku ule watoto walianza kutapika, wakalalamika kifua na tumbo, wakawa baridi huku wakitokwa na jasho. Wakubwa wakasema ni chakula kilicholala. Wengine wakasema ni jini. Mmoja wa watoto hakufika asubuhi, naye ndiye tuliyekuwa tukicheza naye kila jioni. Baadaye mzee mmoja alitamka palepale matangani kwamba ni ile dawa. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa nayo.

Kuanzia hapo nilikataa kulala nyumba yenye magunia. Mama aliniona nina kiburi cha shule.

Niliyajua mambo yenyewe chuo kikuu, siku mhadhiri wetu alipoandika ubaoni mstari mmoja:

AlP + 3H₂O → Al(OH)₃ + PH₃

Upande wa kushoto ni fosfidi ya aluminiamu, ndiyo kiini cha kile kidonge, pamoja na maji. Upande wa kulia ni unga wa hidroksidi ya aluminiamu, ambao hauna makuu, na fosfini, gesi isiyo na rangi inayoua kila chenye pumzi. Maji yanayohitajika si ya kumwagwa. Unyevu wa hewa ya Pwani peke yake unatosha. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya fosfini, kidogo kidogo, kwa saa na siku, wakati watu wamelala. Gesi hiyo ni nzito kidogo kuliko hewa, hupenya kila ufa, na ikiingia mwilini huvuruga kazi ya chembe hai pale zinapotumia oksijeni kutengeneza nguvu. Moyo ndio huchoka mapema. Dawa ya kuitengua haijapatikana. Daktari anaweza tu kuusaidia mwili upambane.

Mhadhiri akaeleza kwamba watengenezaji huchanganya ndani ya kidonge karbamati ya amonia, ambayo hutoa amonia na hewa ya ukaa: amonia imwashe mtu pua akimbie, hewa ya ukaa izuie fosfini isiwake moto. Ile harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ambayo watu huitaja hutokana zaidi na uchafu uliomo kwenye gesi, kwa hiyo pua si mlinzi wa kuaminika. Kiwango kilichowekwa kwa mfanyakazi wa saa nane ni sehemu 0.3 tu katika sehemu milioni moja za hewa, na mtu anaweza kukivuka asinuse kitu.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa hili: vidonge vile vilivyouzwa kwetu kimoja kimoja havikuwa hata vikiwamaliza wadudu. Fosfini huua mdudu ikiwa atapumua ndani yake kwa siku kadhaa mfululizo, na mayai na viluwiluwi vilivyojificha ndani ya punje huvumilia kuliko mdudu mkubwa. Ndiyo maana maghala makubwa hufunika rundo zima kwa turubai maalumu, hubana kingo kwa mifuko ya mchanga, hupima gesi kwa mita, na kungoja wiki nzima au zaidi kabla ya kufunua. Gunia lililowekwa chumbani huvuja usiku uleule. Mdudu anapata kidogo cha kumsumbua, mtoto wa chumba cha pili anapata cha kumuua, na wadudu waliosalia wanazaa kizazi sugu.

Nilinakili ule mlinganyo, nikatoka darasani, nikakaa nje peke yangu. Kilichonisumbua kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimeelezwa kwa mstari mmoja, nami nilikuwa na uwezo wa kuusoma.

Wakati wa kuchagua mada ya uzamili ulipofika, mhadhiri yuleyule alinipendekezea fosfidi ya nikeli.

"Daktari, nipe mada nyingine tafadhali," nilimwambia.

Alitaka kujua sababu. Nilimsimulia habari ya ile nyumba. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi wewe hutaichezea. Kasome kwanza juu ya uhusiano wa metali na fosforasi, halafu urudi uniambie kama bado unakataa."

Nilikwenda kusoma. Fosforasi yenyewe ilipatikana Hamburg mwaka 1669, pale Hennig Brand alipochemsha mkojo mwingi akitafuta dhahabu, akaambulia kitu kinachong'aa gizani. Ikiunganishwa na metali kwa joto, bila hewa, hutoa fosfidi, na kila metali huzaa fosfidi yenye tabia yake. Fosfidi ya kalisi ni kali kuliko zote nilizozisoma: ikiguswa na maji hutoa gesi inayojiwasha yenyewe, na karne ya 19 mabaharia waliitumia kwenye taa za kutupa baharini zionyeshe mtu aliyeanguka majini alipo. Fosfidi ya zinki ni ule unga mweusi wa panya. Kwenye maji matupu hutulia, lakini ikikutana na asidi ya tumbo hufunguka, na panya hana uwezo wa kutapika. Fosfidi ya indiamu inatengeneza leza zinazosukuma mwanga ndani ya nyaya za mawasiliano, zikiwemo zile zilizotia nanga Mombasa mwaka 2009 na kuleta intaneti ya kasi. Fosfidi zenye aluminiamu, galiamu na indiamu kwa pamoja ndizo zinazotoa mwanga mwekundu kwenye taa za kisasa za LED. Nikakumbuka misururu ya malori usiku pale kwetu, taa za breki zikiwaka kutoka kituo cha mafuta hadi msikitini. Nimelelewa katikati ya fosfidi, na moja tu kati ya hizo ndiyo niliyoijua.

Tofauti yao inatokana na namna metali inavyogawana elektroni na fosforasi. Kuna kipimo cha mvuto wa elektroni alichokianzisha Linus Pauling. Fosforasi ina 2.19. Kalisi ina 1.00, aluminiamu 1.61, nikeli 1.91. Pengo likiwa kubwa, fosforasi hujilimbikizia elektroni, na maji yakifika huipatia hidrojeni mara moja, fosfini ikazaliwa. Kwenye nikeli pengo ni dogo. Elektroni zinatembea baina ya wote, na atomi za nikeli zenyewe zimeshikana. Kinachopatikana ni kitu kigumu, cheusi chenye mng'ao wa metali, kinachopitisha umeme na kisichojali maji. Mambo mengine yanachangia, ukiwemo mpangilio wa atomi, lakini pengo hilo ndilo lililonifungua macho.

Nilirudi kwa mhadhiri nikamwambia nimekubali.

Fosfidi ya nikeli hutengenezwa kwa njia kadhaa. Ya zamani ni kupika unga wa nikeli na fosforasi nyekundu ndani ya mrija wa kioo uliotolewa hewa. Ya viwandani ni kulowesha chumvi ya nikeli na fosfati kwenye silika, kisha kuichoma ndani ya mkondo wa hidrojeni hadi nyuzi 600 na zaidi, fosfati ipokonywe oksijeni yake. Ya tatu hufanyika ndani ya vimiminika vyenye fosforasi na kutoa chembe ndogo mno, za kipimo cha nanomita. Maabara yetu ilitumia ya nne: oksidi ya nikeli inakaa upande mmoja wa tanuri la mrija, chumvi ya hipofosfiti upande wa juu wa mkondo, na naitrojeni inapita. Nyuzi zikikaribia 300, hipofosfiti inavunjika na kutoa fosfini, na fosfini ndiyo inayogeuza oksidi kuwa fosfidi.

Yaani ili nipate kile nilichokuwa nakitafuta, ilibidi niiite gesi ileile.

Siku ya kwanza mikono ilinitetemeka. Lakini hapo palikuwa na vitu ambavyo ile nyumba ya jirani haikuwa navyo. Tanuri lilikuwa ndani ya kabati linalovuta hewa nje. Mita ya fosfini ilikuwa juu ya meza, imewekwa ipige kelele mapema. Gesi iliyobaki ilipitishwa kwenye chupa ya maji ya salfeti ya kopa, maji ya buluu, na nilipokuwa nikitazama yakaanza kuwa meusi. Weusi ule ni kopa iliyoikamata fosforasi, nayo ni fosfidi pia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi hulalamika kwamba nyaya na swichi za maghala yanayopigwa dawa huliwa haraka: fosfini inapenda kopa. Kwenye ghala ni hasara. Kwangu mimi ilikuwa kinga.

Tanuri lilipopoa nilitoa unga mweusi. Nikachukua chembe, nikaiweka kwenye kisahani ndani ya kabati lile, nikadondoshea maji. Nikangoja. Mita haikulia. Nikaongeza maji. Kimya. Nadhani hofu yangu ilianza kuondoka saa ile, na iliondoka kwa sababu nilikuwa nimeshika kipimo mkononi. Hakuna aliyenibembeleza.

Kisha tukaupaka unga kwenye kipande cha nikeli, tukakitumbukiza ndani ya asidi nyepesi na kukiunga na umeme. Viputo vya hidrojeni vikatoka. Hiyo ndiyo kazi kubwa inayotarajiwa kwa fosfidi hizi: kuwa kichocheo cha kutenga hidrojeni na maji. Kichocheo ni kama mshenga. Hukutanisha pande mbili, ndoa ikafungwa, yeye akabaki huru kwenda kuoanisha wengine. Mshenga bora wa kazi hii ni platini, na bei yake inajulikana. Mwaka 2005 Ping Liu na José Rodriguez wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walikokotoa kwamba uso wa fosfidi ya nikeli ungeweza kufanya kazi hiyo: fosforasi inashika hidrojeni kwa kiasi, haiing'ang'anii wala haiipotezi. Mwaka 2013 kundi la Raymond Schaak na Nathan Lewis likatengeneza chembe zenyewe, likaonyesha kwamba kweli zinafanya kazi ndani ya asidi. Fosfidi za kobalti, chuma na molibdenamu zikafuata.

Kazi ya pili ya fosfidi hizi inanigusa kwa kuwa nimekulia kando ya moshi wa dizeli. Salfa iliyomo kwenye mafuta hutolewa kiwandani kwa hidrojeni na kichocheo, ambacho kwa kawaida ni salfaidi za molibdenamu na kobalti. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watafiti kama S. Ted Oyama wameonyesha kwamba fosfidi ya nikeli huitoa salfa vizuri sana, hata ile iliyojificha ndani ya molekuli zenye mizunguko. Kwetu mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na kuanzia 2015 kiwango cha dizeli katika Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kazi hiyo ya kutoa salfa sasa hufanyika ng'ambo, na kifua kinachopumua vizuri zaidi ni cha mtoto wa Taru.

Siwauzii wanafunzi wangu ndoto. Fosfidi hizi zina udhaifu: kwenye asidi, umeme ukikatika, huanza kuyeyuka polepole, na upande unaotoa oksijeni uso wake hugeuka kuwa oksidi. Na Kenya ilipozindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani Septemba 2023, ukiwa na lengo la kutengeneza mbolea humu nchini, mwanafunzi wangu mmoja aliuliza, "Mwalimu, maji yatatoka wapi?" Kilo 1 ya hidrojeni hula kilo 9 za maji, kabla hujahesabu ya kusafishia na kupozea. Swali hilo ni la mtoto aliyekua akiona bomba la Mzima likipita kuelekea Mombasa huku kwao wakichota kwa mtungi. Nilimwambia aliandike, kwa sababu wahandisi nao watapaswa kulijibu.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa nyumbani. Nilipomwendea Mama nilijua hatashawishika kwa milinganyo.

"Mwanangu," alisema, "nimeuza mahindi kabla hujazaliwa. Nisipotia dawa nitauza vumbi."

"Sikwambii uache mahindi yaliwe, Mama. Nakwambia tuanze na ukavu."

Tulichukua chupa ya kioo iliyokauka, tukatia mahindi na chumvi kavu, tukatikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo: mahindi bado mabichi. Tukayaanika juu ya turubai, tukarudia hadi chumvi ikaanguka yote chini. Hiyo haifikii mita ya unyevu, ambayo inapaswa kusoma asilimia 13.5 au chini yake, lakini haina gharama. Dawa ya vidonge haizuii kuvu hata chembe. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na majirani zao, sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliua watu 125.

Kisha tukatumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na gunia nje. Wadudu waliofungiwa humo hutumia oksijeni iliyopo, ikiisha nao wanaacha kula na kuzaa, na mwisho wanakufa. Mfuko ni ghali kuliko vidonge, na Osama anaweza kutoboa nailoni mahindi yakiwa machafu au yamechelewa kuanikwa. Kwa hiyo tulipepeta kwanza, tukafunga kila nailoni peke yake, tukaweka juu ya mbao mbali na ukuta. Tulipofungua baada ya miezi, Mama alitia mkono, akachota punje, akatafuna moja. "Haina vumbi," akasema, na siku ya pili akamwita jirani yake aje aone. Sasa wapo akina mama kadhaa sokoni wanaofanya hivyo. Vidonge havikwisha mjini, ila kwa Mama havilali tena ndani ya nyumba. Mfanyabiashara mwenye ghala kubwa, linalofungika, lililo mbali na watu, bado anaweza kuvihitaji. Huyo namshauri aajiri mpuliziaji mwenye leseni, na bidhaa iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu.

Sasa nawaeleza ndugu zangu wa Kwale, na kila anayelala karibu na gunia. Kidonge kilichofungwa kwa gazeti usikinunue. Kikiwa tayari kiko ndani na mtu anatapika, anabanwa kifua au anazimia, usingoje harufu na usianze kutafuta mchawi. Toeni watu wote nje upesi, mbali na jengo, na asirudi mtu ndani kutafuta kitu. Usimwagie kidonge maji, wala usikitupe chooni. Mpelekeni mgonjwa hospitalini, na neno la kwanza kwa daktari liwe "fosfidi ya aluminiamu", ili asipoteze saa akitibu malaria. Wanafunzi wangu wote wanajua kulitamka, na wametumwa wakalifundishe kwao.